Chungu na Mche: Je, Picha ya Maua Haina Maudhui?

Katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili, mwanafunzi hukutana mapema na mjadala wa fani na maudhui. Huelezwa kwamba wapo waliovifananisha viwili hivyo na kikombe na chai iliyomo ndani yake, na wapo waliopinga mfano huo wakishikilia kwamba fani na maudhui ni sura mbili za sarafu moja. Mjadala huo umeendeshwa kwa miaka mingi kwa kutumia mashairi, riwaya na tamthilia. Ni nadra kuuona ukiendeshwa kwa kutumia picha ya kuchorwa. Na pale picha inapotajwa, hutajwa ile inayosema waziwazi: mkulima aliyeinama shambani, mama aliyejitwika mzigo wa kuni, mnyororo uliokatika. Picha ya chungu cha maua juu ya meza huwekwa kando. Husemwa kuwa ni pambo la sebuleni, sanaa kwa ajili ya sanaa, anasa ya walioshiba.

Makala haya yanaipinga hukumu hiyo. Yanafanya hivyo kwa kuichukua picha moja iliyochorwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na kuiweka mbele ya vizingiti vya nyumba za Makindu, katika Kaunti ya Makueni, mahali ambapo mmea ndani ya chungu hauwezi kamwe kuwa pambo tu. Sababu yake ni maji.

Mwenye picha ni Paul Cézanne. Alizaliwa mwaka 1839 katika mji wa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, na akafariki katika mji huohuo mwaka 1906. Baba yake, aliyeanza kwa kuuza kofia akaishia kumiliki benki, alimtaka mwanawe awe mwanasheria. Kijana alisoma sheria kwa muda, kisha akaiacha na kwenda Paris kutafuta uchoraji. Alishiriki katika maonyesho ya Waimpreshonisti ya mwaka 1874 na ya mwaka 1877, yale ya wachoraji waliotaka kuunasa mwanga wa dakika moja kabla haujapita. Baadaye alijitenga nao. Alirudi kusini, nyumbani kwao, na huko akatumia miaka mingi kuvitazama vitu vilevile: mlima ulioonekana kutoka mjini kwao, matunda juu ya kitambaa, chupa, fuvu, vyungu. Jina ambalo wanahistoria wa sanaa wamempa yeye na wenzake, yaani wale waliokuja baada ya Waimpreshonisti, lilibuniwa na mhakiki wa Uingereza Roger Fry kwa ajili ya maonyesho ya London ya mwaka 1910. Cézanne alikuwa kaburini kwa miaka minne. Hakulisikia jina hilo kamwe.

Miongoni mwa kazi zake imo picha ya rangi ya mafuta, ya karibu na mwaka 1890, inayoonyesha mimea katika vyungu vya udongo uliochomwa. Nyumba ya familia yake, iliyoitwa Jas de Bouffan na ambayo baba yake aliinunua mwaka 1859, ilikuwa na banda la vioo la kuhifadhia mimea. Nchi ya Aix ina baridi ya msimu, na mmea usiostahimili baridi hutiwa chunguni ili uweze kuhamishwa na kuingizwa ndani. Hivyo vyungu hivyo havikuwa vitu vya ajabu wala vya thamani. Vilikuwa vyombo vya kazi vya mtunza bustani, vya aina iliyouzwa sokoni kwa bei ndogo.

Cézanne alikuwa mchoraji wa polepole mno. Inajulikana kwamba matunda yalioza mbele yake kabla hajaimaliza picha, na maua yaliyokatwa yalinyauka hadi akalazimika kutumia maua ya karatasi. Mmea wenye mizizi yake chunguni ulikuwa na subira iliyolingana na yake. Wafaransa huiita aina hii ya picha "asili mfu". Waingereza huiita "uhai uliotulia". Kwa Kiswahili inaweza kuitwa picha ya vitu vilivyotulia. Lakini mmea wa chunguni unayatatiza majina yote matatu. Haujafa, na haujatulia kweli. Unakunywa, unaota, unageukia mwanga. Mchoraji anayeutazama kwa majuma kadhaa hatazami kitu kimoja. Anatazama maisha yanayokwenda taratibu kuliko mkono wake.

Mtu aliyezoea ushairi wa Kiswahili ana vyombo vya kuisomea picha kama hiyo, ingawa mara nyingi hajui kwamba anavyo. Yapo maneno mizani na urari. Katika shairi la arudhi, ukwapi na utao hupimana. Uzito wa upande mmoja hujibiwa na uzito wa upande wa pili. Ndivyo Cézanne alivyofanya kazi. Hakuanza kwa kuchora mstari wa umbo na kuujaza rangi baadaye. Aliweka bapa la rangi karibu na bapa la rangi, wekundu wa udongo ukaujibu ukijani wa jani, hadi umbo likatokea kutokana na majibizano hayo. Katika picha zake nyingi za vitu, ukingo wa meza upande wa kushoto haukutani na ukingo wake wa kulia, na chombo huonekana kutoka juu na kutoka mbele kwa wakati mmoja. Waliomcheka walidhani hajui kuchora. Kumbe alikuwa akitafuta urari wa picha nzima, na alikuwa tayari kuivunja meza ili aupate, kama malenga anavyolifupisha au kulirefusha neno ili mizani ya mshororo itimie. Alipofariki, vijana wa Paris waliokuwa wakiibomoa namna ya zamani ya kuchora, Picasso akiwamo, walimhesabu kuwa mwalimu wao.

Hapo upo ushahidi wa kwanza dhidi ya mfano wa kikombe na chai. Kikombe kikimwagwa chai hubaki kikombe. Mche uking'olewa chunguni hunyauka, na chungu kisicho na mche ni udongo mtupu. Katika picha ya Cézanne hakuna kinachombeba mwenzake. Vyote viwili vinasimama pamoja au vinaanguka pamoja. Lakini ushahidi huu bado ni wa fani. Mpinzani anaweza kuukubali na bado akauliza: hayo yote yana faida gani kwa mtu wa Makindu?

Makindu ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa na reli ya zamani. Msafiri wengi hulikumbuka hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, ambalo huwapa chakula wapitao njia bila malipo. Jina la mji linamkumbusha Mswahili mti wa mkindu, ule utoao ukindu wa kusukia mikeka, na mkindu ni mti upendao maji. Hata hivyo, sehemu kubwa ya nchi inayouzunguka mji ni kavu. Wakulima huzitegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, na zisipotimia, mwaka mzima huyumba. Maji ya visima vingi vya Makueni yana chumvi. Kusini magharibi imesimama Milima ya Chyulu, milima ya volkano ambayo mwamba wake mweusi huyameza maji ya mvua. Maji hayo husafiri chini kwa chini na kutokeza mbali katika chemchemi za Mzima, na tangu miaka ya 1950 sehemu yake huchukuliwa kwa bomba hadi Mombasa. Mvua hunyesha juu ya mlima unaoonekana kutoka Makindu, na kiu ikakatwa pwani.

Katika nchi ya namna hiyo, mama atokaye kuchota huugawa mtungi wake wa lita 20 kabla hajautua: ya kunywa, ya kupikia, ya kuwaogesha watoto, ya mbuzi. Mche wa maua hauna fungu katika mgawo huo. Na bado, mbele ya nyumba nyingi, umo. Shubiri imeota katika mkebe wa rangi. Waridi limesimama katika sufuria iliyotoboka. Mtungi wa plastiki uliokatwa kati umepandwa asumini na kuzungushiwa miiba ili mbuzi wasiufikie. Maji yake yamepatikana kwa ujanja: yale yaliyoosha mboga, yale yaliyosuuza vikombe, tone lililobaki katika birika. Mstari mweupe wa chumvi kwenye ukingo wa mkebe huonyesha maji hayo yamepanda na kushuka mara ngapi.

Sasa na ichukuliwe kwamba mtu ameketi na kuuchora mkebe huo kwa uaminifu, kama Cézanne alivyovichora vyungu vya Jas de Bouffan. Hakuongeza mama aliyelia, wala ardhi iliyopasuka, wala maandishi ya kuhimiza. Amechora mkebe, kutu yake, mstari wa chumvi, jani la chini lililokauka na jani la juu lililo bichi. Je, picha hiyo haina maudhui? Mtazamaji wa Aix ataliona jani bichi na kuwaza baridi iliyoepukwa. Mtazamaji wa Makindu ataliona jani lilelile na kuijua hesabu iliyopigwa: kikombe hiki cha maji kingeweza kwenda kwingine, na mtu fulani akaamua kwamba uzuri nao una haki ya kunywa. Uamuzi huo ni wa kimaadili, na umefanywa na mtu maskini. Picha inayouonyesha imesema jambo zito kuliko mabango mengi.

Mimea ya nchi hii imewahi kuchorwa, na iliyemchorea si mtu mdogo. Mwaka 1938 makumbusho ya Nairobi, yaliyoitwa wakati huo Makumbusho ya Coryndon, yalituma msafara wa utafiti katika Milima ya Chyulu. Katika msafara huo alikuwamo mwanabotania Peter Bally pamoja na mkewe, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, leo Opava katika Jamhuri ya Cheki. Huyo ndiye ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Joy Adamson na kwa kisa cha simba Elsa. Kabla ya simba yalikuwapo maua. Aliichora mimea ya Kenya kwa bidii kubwa, na mwaka 1947 chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza kikamtunukia nishani ya dhahabu ya Grenfell. Mgala muue na haki yake mpe: michoro hiyo ni ya mkono hodari, na wanasayansi wameitumia kuitambua mimea.

Hata hivyo, kuna tofauti inayopaswa kuonwa. Mchoro wa kibotania hulitoa tawi mahali pake na kuliweka juu ya karatasi nyeupe. Hauna ardhi, hauna chombo, hauna mtu aliyeumwagilia mmea. Lengo lake ni kuutofautisha mmea na mimea mingine, na kwa lengo hilo weupe wa karatasi ni sahihi. Lakini taifa ambalo mimea yake imechorwa kwa namna hiyo tu limebaki na orodha bila nyumba. Ua la Chyulu lina jina la Kilatini na picha makumbushoni. Ua la mkebeni, lililofugwa kwa maji ya kuoshea mboga, halina mchoraji.

Si kwamba Ukambani imekosa mikono. Uchongaji wa Wamunyu, ambao husimuliwa kuwa ulianzishwa na Mutisya Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, umezilisha familia nyingi kwa vizazi. Lakini soko la watalii lilichagua mapema kile ilichotaka kuona: twiga, tembo, faru, Mmasai na mkuki wake. Mchongaji anayechonga twiga elfu kwa ajili ya mgeni hana wakati wa kukitazama kizingiti chake mwenyewe. Yupo pia Kivuthi Mbuno, aliyezaliwa Mwingi, katika Kitui, mwaka 1947. Alifanya kazi ya upishi katika safari za wawindaji na watalii kabla ya kuanza kuchora katikati ya miaka ya 1970. Hakufunzwa katika chuo cha sanaa. Kwa kalamu za rangi na wino juu ya karatasi aliwachora watu warefu, wanyama, miti na vilima vya Ukambani ya kumbukumbu, na kazi zake zikafika katika makusanyo ya ng'ambo. Mbuno ni uthibitisho kwamba jicho la Mkamba likigeukia kwao hupata la kuchora. Swali ni kwa nini waliomfuata katika njia hiyo ni wachache.

Picha ya Cézanne yenyewe ina funzo katika swali hilo. Imo leo katika hazina ya taasisi ya Barnes, mjini Philadelphia, Marekani. Albert Barnes, tajiri wa dawa, aliianzisha taasisi hiyo mwaka 1922 na akakusanya kazi za Cézanne zaidi ya 60. Katika kumbi zilezile aliweka vinyago vya Afrika, kwa kuwa aliamini kwamba vinastahili kutazamwa kwa jicho lilelile. Lilikuwa jambo la heshima kwa wakati wake. Lakini mtazamaji hugundua haraka upungufu mmoja: mwenye vyungu ana jina, tarehe ya kuzaliwa, barua, wahakiki na wanafunzi, wenye vinyago, kwa sehemu kubwa, hawana hata jina. Kazi zao zilisafiri bila lugha. Hakuna aliyekaa nao na kuandika, katika lugha yao au lugha jirani, walichokuwa wakikitafuta. Sanaa isiyo na uhakiki hubaki bidhaa.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo ya sanaa yaliondolewa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, na kisichotahiniwa hakikufundishwa kwa moyo. Kizazi kizima kikakua bila kushika brashi shuleni. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeirudisha sanaa ya ubunifu darasani, na katika sekondari ya juu sanaa na michezo vimepewa mkondo wao. Hatua hiyo ni njema. Lakini somo limerudi likizungumza Kiingereza. Mwalimu wa Makindu anayetaka kumweleza mwanafunzi kwa Kiswahili kwa nini chungu hiki kinaonekana kizito na kile chepesi hulazimika kuokota maneno njiani. Maneno yapo: mizani, urari, ulinganifu, kivuli, mwanga, ukingo, kina, mandhari ya nyuma. Kinachokosekana ni matumizi yake katika maandishi ya uhakiki, na matumizi hayo hayataletwa na kamati ya istilahi peke yake. Yataletwa na tasnifu, insha na makala ya majarida kama hili, yaliyoandikwa na watu waliokubali kuitazama picha kwa saa nzima kabla ya kuihukumu.

Inaweza kusemwa kwamba haya ni mambo ya kungoja. Kwanza mvua, kwanza mabomba, kwanza chakula, kisha maua. Hoja hiyo ina sura ya huruma, lakini inamdharau yule inayedai kumtetea. Mama wa Makindu hakungoja. Hakusema atapanda waridi siku bomba litakapofika. Amelipanda katika ukame, kwa maji yaliyotumika mara moja tayari, akalizungushia miiba. Yeye ameshalijibu swali ambalo wahakiki bado wanaligombania, kwamba haja na uzuri haviishi katika nyumba mbili tofauti. Anayemwambia mwanawe asilichore waridi hilo, ati si somo zito, anamwambia kwamba alichokifanya mama yake ni mchezo.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Picha ya Cézanne haifai kuletwa Makindu kama msala wa kuswalia. Ifae kama ushahidi: mtu mmoja alibaki kwao, akavitazama vyungu vya bustani ya baba yake bila haraka, na ulimwengu ukalazimika kujifunza upya namna ya kuona. Kwa miaka mingi taasisi ya Barnes haikuruhusu picha zake zichapishwe kwa rangi. Leo mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake vyungu hivyo kwa simu ya mkononi, na somo likaisha kwa dakika tano. Nusu ya pili ya somo iko nje ya mlango wa darasa, katika mkebe wa rangi wenye mstari mweupe wa chumvi. Mwanafunzi akabidhiwe karatasi, aketi mbele ya mkebe huo, na aanze kwa kuulizwa swali moja la uhakiki: maji haya yalitoka wapi?